Kabla ya kupima majani, pima tumbo

Mamangu alikunywa maji ya majani ya mwarobaini kila baada ya alfajiri kwa miezi miwili. Tumbo lilikuwa likimchoma, na jirani yetu alimhakikishia kuwa yeye alipona kwa majani hayo hayo. Siku mama alipoona choo chake ni cheusi kama lami, alidhani ni ile dawa inatoka. Kumbe ni damu. Tulimwahi hospitalini na alhamdulillahi akapona.

Tangu hapo watu huniuliza: kwani mwarobaini si dawa?

Wataalamu wameupima. Majani hukaushwa, yakasagwa, yakalowekwa kwenye maji au spiriti hadi kiini kikapatikana. Panya wa maabara hupewa kiini hicho kwa kipimo maalumu, kisha hupewa aspirini nyingi au spiriti ya kuchubua tumbo. Kundi jingine hupewa omeprazoli, na jingine halipewi dawa yoyote. Mwishowe vidonda vya makundi yote hulinganishwa. Katika majaribio ya aina hii, mwarobaini umeonyesha kulinda tumbo.

Lakini kidonda cha panya hutengenezwa kwa saa chache. Vyetu vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayeweza kuishi tumboni miaka mingi. Barry Marshall wa Australia aliwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, tumbo lake likavimba. Yeye na mwenzake Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni vidonge vya maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki.

Kuna pia suala la kipimo. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2004 ulijaribu mwarobaini kwa wagonjwa, na matokeo yalitia moyo. Ila wagonjwa walikuwa wachache, na kilichotumika ni kiini cha gome kilichopimwa kwa miligramu. Sisi twachuma gao la majani na kuchemsha kwa kukadiria.

Na jirani je, si alipona? Huenda. Lakini maumivu ya vidonda huja na kuondoka yenyewe. Ndiyo maana wataalamu huweka makundi ya kulinganisha.

Mama alipopimwa, chanzo kilikuwa vidonge vya magoti alivyomeza kila siku. Majani yangefanya nini, ilhali asubuhi anakunywa dawa na jioni anameza kinachomchubua?

Tumefundishwa kuwa kila ugonjwa una dawa. Basi tuujue ugonjwa kwanza. Bakteria hupimwa kwa choo au pumzi, na matibabu yake ya antibayotiki kwa kawaida ni wiki mbili. Mwambie daktari majani unayokunywa, hasa ukiwa na kisukari, kwani mwarobaini waweza kushusha sukari. Ukiona choo cheusi au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwarobaini wetu bado uko uani. Mama hukaa kivulini mwake, na vile vidonge vya magoti ameviacha.