Benson Wanjau na Sauti ya Mzee Ojwang: Lafudhi, Lugha ya Taifa na Haki za Mwigizaji

Utangulizi

Historia ya Kiswahili nchini Kenya mara nyingi huelezwa kwa kufuata maamuzi ya dola: kuingia kwake Bungeni mwaka 1974, kufanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 7 inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanawasahau waliokiingiza Kiswahili sebuleni. Makala haya yanafafanua mchango wa mmoja wao, mchekeshaji Benson Wanjau, maarufu kwa jina la Mzee Ojwang, pamoja na swali la kisera linaloibuliwa na maisha yake.

Miongo mitatu ya Vitimbi

Wanjau aliigiza katika runinga ya taifa, Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Kwa takriban miongo mitatu tangu miaka ya 1980, alikuwa mhusika mkuu wa kipindi cha Vitimbi, akishirikiana na Mary Khavere aliyeigiza nafasi ya mkewe, Mama Kayai. Kabla ya KTN kuanza matangazo mwaka 1990, Wakenya hawakuwa na kituo kingine cha runinga cha nchini mwao. Familia zenye lugha mama tofauti zilitazama kipindi kimoja, na lugha iliyoziunganisha ilikuwa Kiswahili.

Lafudhi kama nyenzo ya sanaa

Mzee Ojwang ni mhusika Mjaluo, ilhali Wanjau alikuwa Mkikuyu. Dholuo haina sauti /sh/ wala /z/. Kwa hiyo mzungumzaji wake anapotumia Kiswahili huelekea kuweka /s/ mahali pa sauti hizo, shamba likawa samba na zuri likawa suri. Ilimbidi mwigizaji azimudu athari za lugha ya jirani na kuzificha za lugha yake mwenyewe.

Ucheshi wa lafudhi una hatari ya kugeuka kejeli ya kabila. Katika Vitimbi, hata hivyo, kicheko kilitokana zaidi na majivuno na ujanja wa mzee anayeumbuliwa na mkewe. Lafudhi ilimtambulisha mhusika bila kumzuia kubishana, kubembeleza na kudanganya kwa Kiswahili. Mtazamaji aliyeona haya kukizungumza kwa sababu ya ulimi wake alimwona shujaa aliyekimiliki kwa ulimi kama wake. Funzo hilo lisingeweza kutolewa na kitabu cha sarufi.

Umaarufu bila akiba

Uzeeni Wanjau alisumbuliwa na maradhi ya macho, na umma ukachanga fedha za matibabu yake. Alifariki dunia Julai 12, 2015, akiwa na umri wa miaka 78. Mchango ule ulikuwa ishara ya mapenzi, lakini ihsani haiwezi kuwa badala ya haki. Kipindi kilichorekodiwa huweza kurushwa tena kwa miaka mingi. Mwigizaji aliyelipwa ujira wa siku ya kurekodi pekee hanufaiki na marudio hayo.

Mkataba wa Beijing kuhusu Maonyesho ya Picha na Sauti, uliopitishwa mwaka 2012 na kuanza kutumika mwaka 2020, unazielekeza nchi kulishughulikia pengo hili. Unaruhusu haki zihamie kwa mtayarishaji, na papo hapo unaziachia sheria za nchi au mikataba nafasi ya kumhifadhia mwigizaji mrabaha. Aidha, kila nchi mwanachama inaweza kuamua iwapo baadhi ya haki hizo zitahusu maonyesho yaliyorekodiwa kabla ya mkataba kuanza kutumika. Kwa kizazi cha Wanjau, uamuzi huo ndio wenye uzito.

Hitimisho

Mashirika ya utangazaji ya umma katika kanda yanahitaji kuhifadhi kanda za zamani, kuorodhesha majina halisi ya waigizaji na kuweka kiwango cha mrabaha kwa kila marudio. Orodha ya majina ndiyo hatua ya kwanza. Wakenya wengi walimjua Ojwang kwa miaka mingi bila kulijua jina la Wanjau, na mrabaha hauwezi kumfikia mtu asiyetajwa.