Kabla ya kupakia unga, uliza boti ilibeba nini jana

Na Mwandishi Wetu, Nchelenge

RELI haijawahi kufika Ziwa Mweru. Samaki wa Kashikishi huenda Copperbelt kwa lori, na unga, saruji, mbolea na petroli huvuka kwenda Kilwa na Pweto kwa boti za mbao. Hata hivyo, watu wa reli walijua zamani jambo ambalo sisi wa ziwani tunalipuuza kila siku: chombo kilichoshusha mzigo si lazima kiwe kitupu.

Simama ufukweni asubuhi utazame. Boti iliyopeleka mapipa ya petroli ng'ambo inarudi na magunia ya chisense. Kesho yake inapakiwa unga wa mahindi. Katikati ya mizigo hiyo mitatu, usafi wote ni kukomba maji ya ngama kwa kopo na kupitisha ufagio juu juu ili abiria wasichafue nguo.

Katika reli za Marekani, behewa la mizigo lililofunikwa mara nyingi halikwenda moja kwa moja kutoka mzigo mmoja hadi mwingine. Lilisukumwa kwenye njia ya pembeni, na huko vibarua waliingia na fagio, koleo na nyundo. Walitoa mbao na waya za kufungia mzigo, wakang'oa misumari iliyojitokeza sakafuni, maana msumari mmoja unatosha kupasua gunia. Kisha wakafagia. Kazi ngumu ilikuwa ukutani. Mabehewa ya zamani yalikuwa na mbao za ndani, na nyuma yake nafaka ilijificha, ikaota ukungu na kuzaa wadudu walioingia katika shehena iliyofuata.

Pale ufagio uliposhindwa, walitumia maji ya moto au mvuke, na behewa liliachwa likauke kabisa kabla ya kupewa unga. Huko Uingereza, mabehewa ya ng'ombe yalipakwa chokaa kuua vijidudu.

Ila akili kubwa ya watu wale, kwa maoni yangu, ilikuwa katika kukubali kwamba si kila behewa husafishika. Behewa zuri lilitengwa kwa unga, nafaka na sukari. Likishanyonya mafuta, au likishabeba ngozi mbichi, lilishushwa daraja likabebe vyuma chakavu na mizigo mingine isiyodhurika. Baadaye mabehewa ya chakula yalipewa hata alama yake, herufi XF, na ndani yakapakwa rangi maalumu isiyodhuru chakula.

Kwa nini walijisumbua hivyo? Mwaka 1956 huko Wales watu 59 waliugua baada ya kula mkate. Unga wake ulikuwa umesafirishwa katika behewa ambamo dawa ya wadudu iitwayo endrini ilikuwa imemwagika kabla. Mwaka 1958 jimboni Kerala, India, watu zaidi ya 100 walikufa kwa chakula kilichosafiri melini pamoja na dawa ya parathioni. Mwaka 1967 ikawa zamu ya Doha, Qatar, na Hofuf, Saudi Arabia: endrini ilivuja melini juu ya magunia ya unga, watu 874 wakalazwa hospitali na 26 wakafariki.

Sisi tuliosoma ukimbizini tuna sababu ya pekee ya kulisikiliza jambo hili. Katika kambi niliyosomea, lori la mgao likishamaliza kushusha, watoto walipanda nyuma na vifagio vya majani. Waliokota maharage na mahindi yaliyomwagika, wakayatia katika mikebe, na jioni yakapikwa. Hakuna aliyeuliza lori lilibeba nini wiki iliyopita. Nani angeuliza, na njaa ile? Siku hizi naona watoto wa shule wakifanya hivyo hivyo kwenye malori ya sokoni, na hapo nyumbani hakuna tena njaa ya kambi ya kuwatetea wazazi.

Turudi kwenye boti. Petroli huelea juu ya maji ya ngama na kunyonywa na mbao, kwa hiyo hata ukifagia mara kumi harufu inabaki. Chisense ana mafuta mengi na hushika harufu haraka. Unga nao ni vivyo hivyo. Mbolea hunyonya unyevu ikayeyuka na kupenya nyufa. Vumbi la saruji huganda likilowa. Kila mzigo una tabia yake, na mfanyabiashara anayejua tabia hizo anajua aogope nini.

Sheria za wakubwa zimeshalifikiria hili. Kwa meli zinazobeba mafuta ya kula kwa wingi, kanuni za kimataifa za Codex zinataka ijulikane matangi yalibeba nini katika safari tatu zilizotangulia. Hapa kwetu hakuna wa kukuandikia cheti, lakini mdomo unao. Mwulize mwenye boti, na umwulize pia kijana anayekomba maji, maana huyo ndiye anayejua kilichomwagika.

Mwenye boti atakujibu, mama, ziwa lote hili ni maji, nitaosha. Mwambie aoshe jana yake, kwa sabuni, ngama ikombwe hadi mbao zionekane, kisha boti ikae juani. Siku hiyo ni safari aliyoikosa, na ataitaka fedha yake. Heri kina mama watatu wanne wa unga wachangiane na kuikodi boti nzima. Magunia yapangwe juu ya mbao, si sakafuni, na turubai litandikwe chini na juu. Turubai nalo lichunguzwe, kwani mara nyingi ndilo lililofunika mbolea msimu uliopita.

Boti iliyozoea mapipa iachiwe mapipa, hata kama nauli yake ni nafuu.