Je, Wajua? Kiti Ambacho Hata Mfalme Hakikalii

Je, wajua kwamba Waashanti wa Ghana wana kigoda cha dhahabu ambacho hata mfalme wao hakikalii? Kigoda hicho kina kiti chake chenyewe, kikiwekwa karibu na mfalme! Mwaka 1900 gavana Mwingereza, Frederick Hodgson, alidai aletewe akikalie yeye. Akaletewa vita, tena vikiongozwa na mwanamke, Yaa Asantewaa, mama malkia wa Ejisu. Kigoda hakukiona.

Sogea, tuje nyumbani. Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, baba yake Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa na wake 22. Mwalimu alioa mmoja tu, Mama Maria. Na unajua ni serikali ya nani iliyofuta uchifu Tanganyika mwaka 1963? Ya huyohuyo mtoto wa chifu!

Basi sikia hii. Septemba 2021, miaka 58 baadaye, machifu walikusanyika Mwanza wakamsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya. Sheria ilifuta uchifu; machifu, naona, hawakupata barua.

Haya, na fuvu je? Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Fuvu lake likasafirishwa Ujerumani. Sasa fungua Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga hesabu za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, uangalie kifungu cha 246: Ujerumani inaamriwa kulirudisha fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6! Mataifa makubwa yanagawana dunia, na katikati yake yumo mzee wetu wa Kihehe. Miezi hiyo 6 iligeuka miaka 35, maana fuvu lilirudi 1954. Na aliyelipokea unamjua? Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge na kukalia kiti hicho kwa karibu miaka 30.

Mandela je, unadhani alilelewa ili atawale? Wapi! Babu wa baba yake alikuwa mfalme wa Wathembu, lakini ukoo wao ulitoka nyumba ya mke mdogo, na kwa mila kazi yao ilikuwa kumshauri mfalme, si kuwa mfalme. Mshauri huyo akaishia kuwa rais wa nchi nzima mwaka 1994.

Seretse Khama wa Botswana naye alizaliwa mrithi wa kiti cha Wangwato. Mwaka 1948 akamwoa Ruth Williams, Mwingereza mweupe, na Waingereza wakamfukuzia uhamishoni. Aliruhusiwa kurudi 1956, baada ya kukana uchifu. Miaka 10 baadaye akawa rais wa kwanza wa nchi! Mwanawe Ian alikuwa chifu kwanza, kisha naye akawa rais.

Uganda walijaribu vyote viwili kwa pamoja: kuanzia 1963 Kabaka Mutesa II wa Buganda alikuwa mfalme na papo hapo rais wa nchi. Mwaka 1966 jeshi la Milton Obote, aliyekuwa waziri mkuu wake, lilivamia kasri lake, akatoroka.

Waoromo wa Ethiopia wao wana saa yao. Katika mfumo wao wa Gadaa uongozi hubadilika kila miaka 8, na ulikuwa hivyo karne nyingi kabla ya katiba zetu kuanza kuhesabu mihula.

Umechoka? Bado kidogo! Mfalme Oyo wa Toro, kule Fort Portal, alitawazwa 1995 akiwa na miaka 3. Mdogo sana, utasema. Sasa mlinganishe na Sobhuza II wa Uswazi: alirithi ufalme mwaka 1899 akiwa na miezi 4 tu, akafariki 1982, akiwa amehesabiwa mfalme kwa miaka 82! Na nchi nani aliiongoza mtoto akinyonya? Bibi yake, Labotsibeni, ambaye hakumkabidhi mjukuu madaraka mpaka 1921.