Kujiamini Hujengwa kwa Kutenda

Kijana anayewasili Chimwaga, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, akiwa ameshajihukumu kwamba hesabu haziwezi, hasaidiki sana kwa maneno matamu. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alichapisha majaribio yaliyofanywa Marekani kwa watu waliowaogopa mno nyoka. Waliomshika nyoka wenyewe, hatua kwa hatua, walijiamini kuliko waliomtazama mwingine akimshika. Mshauri nasaha hodari hufuata njia hiyo: huigawa kazi, kisha huiongezea ugumu. Lakini isiwe rahisi mno (hapa walimu wenye huruma hukosea), kwani ushindi usio na jasho huvunjwa na kosa la kwanza. Kosa likitokea, huulizwa njia iliyotumika, si akili ya mwanafunzi.