Hepatiti B: chanjo ya kumutibu mugonjwa iko wapi?

Katika mukutano wetu wa wachimbaji, Butembo, kijana mumoja alisimama na karatasi ya labo mukononi. Alienda hopitali kumutolea ndugu yake damu, wakamupima, njo wakamwambia ana hepatiti B. PDG wa shimo aliposikia, akamukataza kazi. Kijana akaniuliza: «Papa prezida, si kuna chanjo ya ugonjwa huu? Basi wanichanje nipone.»

Siku ile sikuwa na jibu. Nilienda kuuliza waganga.

Chanjo tunayoijua, ile watoto wanapata kwenye sante wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ni ya kukinga tu. Mwenye virusi tayari haimuponyi. Virusi ya hepatiti B inajificha ndani kabisa ya seli za maini, na inamwaga protini zake mingi katika damu, miaka na miaka, mpaka askari wa mwili wanachoka. Ni kama mulinzi wa usiku aliyemuzoea mwizi hadi wanasalimiana. Chanjo ya kutibu inatafuta kumuamsha mulinzi huyo.

Kazi si rahisi. Kampuni ya Gilead ilijaribu moja iliyotengenezwa na chachu, ile protini haikupungua. Cuba wanayo NASVAC, inayopuliziwa puani, ilijaribiwa Bangladesh. Nyingine, VTP-300, ilitoka Oxford, na inatumia virusi ya sokwe iliyobadilishwa, sawa na chanjo ya Covid ya AstraZeneca. Sasa watafiti wanapunguza kwanza protini kwa dawa nyingine, kisha njo wanachanja. Kuna wagonjwa waliopata nafuu, lakini hakuna chanjo hata moja ambayo muganga anaweza kukuandikia leo ili upone. Anayekuuzia «chanjo ya kuponya» pale machimboni ni mwizi.

Majaribio ya VTP-300 yalifanyika Uingereza na Asia. Na sisi? OMS inasema mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na hepatiti B, milioni 1 na laki 1 wakafa, na katika maambukizi mapya, zaidi ya 6 kwa 10 ni Afrika. Wasituambie kwamba kwetu kuna vita, utafiti hauwezekani. Wakati wa Ebola, tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, tulizika watu 2 287. Katikati ya risasi, dawa 4 zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Agosti 2019 ilionekana kwamba 2 zinaokoa watu zaidi, na moja ilitokana na damu ya mutu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Damu ya Mukongomani, jaribio Kongo, dawa ya dunia nzima! Ila watu waelezwe mapema, kwa luga yao. Katwa tuliona vituo vinachomwa, na hatujasahau.

Kwa kungojea, kuna tenofovir, kidonge ambacho wenye ukimwi pia wanameza. Inaifunga virusi, haiifukuzi. Si kila mutu anaihitaji, muganga anaamua kisha kupima. Na ukiianza, usiiache bila yeye kukuambia. Mama mwenye mimba apimwe, juu virusi inapita sana wakati wa kuzaa, na OMS inaomba mutoto achanjwe ndani ya saa 24. Wembe wa kunyolea, kila mutu na wake.

Kuhusu kazi, niliandamana na muganga mpaka kwa PDG. Tulimueleza: ugonjwa huu unapita kwa damu, kwa kitanda na kwa kuzaa. Haupiti kwa beleshi, kwa sahani ya fufu wala kwa jasho. Alibisha mingi. Mwishoni aliuliza kwa sauti ya chini yeye mwenyewe anaweza kupimwa wapi.

Kijana alirudi shimoni Jumatatu. Bibi yake na watoto 3 bado hawajapimwa.