Ukali wa Mwanga na Kupinda kwa Mmea

Ni ada kusikia ikisemwa kwamba mmea hufuata mwanga. Kitenzi hicho kinapotosha: mmea hauendi popote, bali hupinda kwa kukua, upande mmoja ukirefuka kuliko wa pili. Kuelekea kingefaa zaidi vitabuni.

Charles Darwin na mwanawe Francis, katika kitabu chao cha mwaka 1880, walieleza kuwa miche ya nyasi iliyofunikwa ncha haikupinda. Ncha ndiyo ihisiyo mwanga. Sehemu ya chini yake ndiyo ipindayo. Baadaye ilibainika kwamba homoni iitwayo auksini hukusanyika upande wa kivuli na kuurefusha.

Je, mwanga ukizidi ukali, mmea hupinda zaidi? La, si daima; Darwin mwenyewe aliona kuwa viwili hivi havilingani. Mche uliokulia gizani, ukimulikwa kwa muda mfupi kwa mwanga hafifu wa buluu, hupinda. Mwanga ukiongezwa, kupinda huongezeka hadi kilele, kisha (ajabu!) hupungua. Ukimulikwa kwa muda mrefu, mche hupinda tena, na hapo muda huwa na uzito kuliko ukali. Katika Arabidopsis, mmea utumiwao sana maabarani, protini mbili hugawana kazi: fototropini ya kwanza huitikia mwanga hafifu na mkali pia, ya pili mkali tu.

Mwanga ukilingana pande zote, hata uwe mkali namna gani, shina hukua wima.