Kuipamba Nyumba ya Wazee: Cha Kale, cha Kisasa na cha Mwenyewe



Kila Idd inapokaribia, nyumba zetu huingiwa na shughuli moja: makochi husogezwa, mapazia hufuliwa, na swali la zamani hurudi. Vitu vya wazee vifanyweje? Kitanda cha besera kilichojaza nusu ya chumba, sanduku la misumari ya shaba, kandili iliyoshika kutu, mkeka ulioanza kufumuka: vitupwe, viuzwe, au vibaki huku vya kisasa vikitafutiwa nafasi? Tumeiandika makala hii kwa kuwa swali hilo lilitufika sisi wenyewe, na jibu letu la kwanza lilikuwa la makosa.

Nyumba ya Mikinduri

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Lamu na kufia Mikinduri. Kwa wasioujua, Mikinduri ni mji mdogo wa Tigania, katika kaunti ya Meru, upande wa milima ya Nyambene, nchi ya majani chai na miraa. Alikwenda huko kijana, kama Waswahili wengi waliofuata biashara bara, ambao athari yao ingali inaonekana katika mitaa ya Majengo ya miji kadha wa kadha. Aliuza vitambaa mchana, akasomesha watoto Qur'ani jioni, akamwoa mama yetu, binti wa Kimeru aliyesilimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akajenga nyumba ya mbao za muuru, mti wa misitu ya Mlima Kenya, kwa paa la mabati na sakafu ya saruji.

Hakuwa na mawe ya matumbawe wala boriti za mikoko. Hata hivyo, aliufuata kwa mbao mpango wa nyumba aliyokulia: baraza mbele kwa wageni, kisha ukumbi, kisha pazia, kisha ndani kwa wenyewe. Na humo ndani pwani na bara zikakutana. Kitanda kirefu cha besera na sanduku vilitoka Lamu. Vibuyu, viondo na kigoda cha miguu mitatu vilitoka kwa wajomba zetu. Juu ya rafu kulikuwa na dele la kahawa, karabai na saa ya ukutani ambayo ilikwisha kusimama zamani.

Baba alipofariki na mama akamaliza eda yake, ndugu tulikutana ili kuitengeneza nyumba. Ndugu yetu mdogo wa kike, akaaye Mombasa, alitaka mama aishi kwa raha: vigae sakafuni, makochi mapya, televisheni pana, na ukuta wa ukumbi ubomolewe ili nyumba ipate nafasi na mwanga. Nia yake ilikuwa njema. Ndugu yetu wa pili alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa vitu vya kale, ambaye alikitaka kitanda na sanduku kwa pamoja. Fedha hizo zingelipia vigae. Nasi, kwa kuwa ndio wakubwa, tulichukua daftari tukaanza kuandika: kitanda kimoja, sanduku moja, saa moja, karabai moja.

Mama alikuwa ameketi kigodani karibu na moto akinywa chai. Alipokiweka kikombe chini aliuliza kwa upole, "Wanangu, hilo sanduku mmeliandika katika mali ya nani?"

Tukamjibu, "Katika mali ya marehemu, mama."

Akasema, "Marehemu alinipa siku ya nikaha, mbele ya mashahidi. Ni mahari yangu. Yeye mwenyewe alikuwa akiniomba ruhusa kuweka nguo zake humo."

Sisi, ambao kwa zaidi ya miaka ishirini tumesomesha mlango wa mirathi madrasani, tulibaki na kalamu mkononi tusijue pa kuiweka. Tulikuwa tunauza mali ya mtu aliye hai, mbele ya macho yake, na mtu huyo ni mama yetu.

Kwanza mwenyewe, kisha pambo

Basi hili ndilo la kwanza tunalowausia, kabla ya rangi na kabla ya mapazia. Katika nyumba ya wazee, kila kitu kina mwenyewe. Mahari ni mali ya mke peke yake, na mume akifa hayarudi katika urithi. Vivyo hivyo zawadi aliyokwisha kukabidhiwa, na vyombo alivyonunua kwa fedha zake. Aghalabu sisi wanaume huona kila kilichomo chini ya paa la baba ni cha baba. Sivyo. Waulizeni kina mama, tena waulizeni mapema, wangali wanakumbuka na mashahidi wangali hai.

Kilichokuwa cha marehemu kwa hakika, hicho kina utaratibu wake: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha mgawo. Mjane wa aliyeacha watoto ana thumuni yake. Kabla ya mgawo, hakuna mrithi aliye na haki ya kuuza kitanda, kukitupa, wala kukihamishia kwake kwa hoja ya kwamba yeye ndiye akipendaye. Warithi watu wazima wakiridhiana kwa ukunjufu wa moyo kwamba kitu fulani kibaki nyumbani au kipewe mmoja wao, ni heri. Lakini akiwamo yatima mdogo, sehemu yake haitolewi kwa ridhaa ya wakubwa. Ugomvi mwingi wa ndugu tuliowahi kuitwa kuusuluhisha haukuanzia kwenye shamba. Ulianzia kwenye kitu kidogo kilichoondoka sebuleni bila ya mtu kuulizwa.

Kwanza paa, kisha pazia

La pili ni kwamba nyumba kongwe hutibiwa kabla ya kupambwa. Mikinduri kuna masika na vuli, ukungu na baridi. Tulipopanda juu ya dari tulikuta mabati yametoboka na mbao mbili zimeoza. Tungalitandaza mazulia mapya chini ya paa hilo, mvua ya kwanza ingalitupa jibu. Tuliziba paa, tukabadilisha mbao zilizooza, tukatengeneza mifereji ili maji yasisimame penye msingi na kuwaita mchwa.

Kwenu ndugu wa pwani, ugonjwa ni mwingine. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa na kupakwa kwa chokaa, nayo chokaa huuachia unyevu utoke. Fundi akija na kuupaka ukuta huo saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hupanda, na baada ya muda plasta hubanduka vipande vipande. Rangi ya bei kubwa haitauponya. Mtafuteni fundi anayeijua chokaa. Mji wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, lakini orodha haizuii paa kuvuja. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Disemba 2020 huku matengenezo yakiendelea. Nyumba kongwe haipendi kungojeshwa.

Pimeni kabla ya kununua

Makochi mapya yalifika Mikinduri yakiwa juu ya gari kabla hatujapima mlango. Hayakupita. Yalilala barazani siku tatu chini ya turubai, mvua ikinyesha, na majirani wakija kutupa pole kana kwamba tumefiwa tena. Hatimaye moja lilirudishwa, na jingine likaingia baada ya fundi kulifungua miguu na mkono.

Wenye nyumba za mawe za Lamu na Mombasa wanalijua jambo hili zaidi. Upana wa vyumba vyao uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Seti ya makochi iliyokusudiwa sebule ya mraba itamlazimisha mtu apite ubavu. Chumba cha namna hiyo hukubali kiti kirefu chembamba ukutani, magodoro ya kukalia chini, na meza ndogo zinazoingia moja chini ya nyingine. Na zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyowekwa kwa ajili ya vyombo vya fahari, visizibwe kwa kabati la duka. Wekeni humo vitabu, vikombe na taa ndogo, mtaona chumba kinapumua.

Kuhusu ukuta uliotakiwa kubomolewa, hapo tulisimama imara. Katika nyumba za Kiswahili mtu hutoka daka, akaingia kiwanda, akafika msana, ndipo akaingia ndani. Kila hatua ni stara kwa wanawake wa nyumba. Mpango wa kisasa unaomwezesha mgeni aliyekaa sebuleni kuona hadi jikoni unaiondoa stara hiyo kwa siku moja. Tuliuacha ukuta, tukapanua dirisha la nyuma kwa ajili ya mwanga, na ndugu yetu akachagua pazia jipya zito la rangi ya maziwa. Mwanga alioutaka aliupata.

Cha kale kipewe kazi

Kitu cha kale kisipofanya kazi hugeuka mzigo. Mjini Meru, ofisi kongwe ya mawe ya mkuu wa wilaya wa enzi ya ukoloni haikuvunjwa. Leo ni makumbusho. Nyumbani nako kanuni ni hiyo hiyo.

Kitanda cha besera kilisukwa kamba upya. Godoro la dukani halikulingana nacho, tukaagiza sponji iliyokatwa kwa kipimo. Fundi alishauri miguu ikatwe kwa kuwa mama hawezi tena kupanda. Tukamwomba atengeneze kingazi cha mbao badala yake, na sasa mama hupanda kwa hatua mbili. Karabai ilitiwa waya na balbu ya umeme, ikaning'inizwa juu ya meza ya chakula. Kiondo kikubwa hukaa karibu na mlango kikibeba kanzu na mabuibui ya kufuliwa. Mkeka uliofumuka ulikatwa sehemu nzima, ukashonwa ukingo kwa kitambaa, ukawa wa kusalia mtu mmoja.

Kanga kuukuu za mama zilishonwa foronya za mito ya makochi mapya. Katika hili tulikumbuka kisa cha Bibi Aisha, radhiya Llahu anha, aliyetundika pazia lenye picha. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipolichukia, Bibi Aisha hakulitupa bali alilikata na kulifanya mito ya kuegemea. Kumbe ufundi wa kukipa kitambaa kazi ya pili ulikuwa katika nyumba bora kuliko zetu.

Katika kusafisha, msiwe na haraka. Mbao za kale zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, zikaushwe, kisha zipakwe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Kitambaa kilichotumika kwa mafuta hayo kitandazwe kikauke nje. Kikifinyangwa na kuachwa chaweza kuwaka chenyewe. Shaba husafishwa kwa ukwaju, kama walivyofanya bibi zetu. Mkiona unga mwembamba chini ya mguu wa kabati, mbao inabunguliwa. Itengeni na nyingine mpaka itibiwe.

Na katika kupanga, chumba kimoja kiwe na kitu kimoja cha kale kinachotangulia, vya kisasa vikifuata kwa rangi tulivu. Kandili sita ukutani zinakifanya chumba duka.

Pambo na mpaka wake

Mola wetu ametuhesabia nyumba kuwa ni neema na mahali pa utulivu, na hakuharimisha pambo. Alichokataza ni israfu. Vyombo vya dhahabu na fedha vya kulia na kunywea vimekatazwa, hata viwe vya kale namna gani. Mtume wetu alitufundisha kwamba mtu ana kitanda chake, mkewe ana chake, mgeni ana cha tatu, na kinachozidi hapo ni cha shetani. Kabla ya kununua kochi la nne, tujiulize ni la nani.

Anayetaka kununua vitu vya kale naye aulize vilikotoka. Milango na masanduku mengi yaliondoka katika nyumba za mayatima na wajane kwa bei ya kutupa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 haimruhusu mtu kuvitoa vitu vya kale nje ya Kenya bila ya kibali. Ukilipenda sanduku la Lamu na huna la urithi, mwagize fundi akuchongee jipya. Umempa riziki, wala hukuivua nyumba ya mwenzio.

Mwisho wa jambo

Tulimwomba mama radhi usiku ule ule. Alicheka, akasema tulianza kuhesabu mapema mno. Mnunuzi aliambiwa hakuna kinachouzwa. Tuliichana karatasi ile daftarini, tukaandika mbili: moja ya vilivyo vya mama, nyingine ya vilivyo vya marehemu, na ndugu wote wakatia saini.

Sanduku liko ukumbini, chini ya televisheni. Mama ndiye aliyelichagulia mahali hapo, kwa kuwa, alisema, wajukuu wakitazama kile cha juu macho yatafika na kwenye hiki cha chini. Ufunguo anao yeye.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe za utulivu, azirehemu roho za waliozijenga, na atuepushe na kula haki za walio hai tukidhani ni urithi wa waliokufa. Amin.

Wabillahi tawfiq.